Waliovaa kifaa walipungua kidogo kuliko wenzao: uchambuzi wa jaribio la Pittsburgh

Mnamo Septemba 2016 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha matokeo ya jaribio lililoongozwa na John Jakicic wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, nchini Marekani, na tangu hapo jaribio hilo limekuwa likitajwa kila panapojadiliwa iwapo saa na bangili za kupima mwendo zina faida kwa afya. Watu wenye umri wa miaka 18 hadi 35, wote wakiwa na uzito uliozidi, walifuata mpango wa chakula na mazoezi wa kupunguza uzito kwa miaka 2. Kundi moja lilipewa kifaa cha kuvaa chenye vihisio vya kupima mwendo na kukadiria nishati inayotumiwa na mwili, na kundi la pili halikupewa. Ilitarajiwa kwamba waliovaa kifaa wangepungua zaidi. Ulipotimia mwezi wa 24, waliovaa kifaa walikuwa wamepungua kilo 3.5 kwa wastani, ilhali wasiovaa walikuwa wamepungua kilo 5.9.

Wapo waliosoma tarakimu hizo mbili na kuhitimisha kwamba teknolojia ya kuvaa mwilini haina maana, na wapo waliokwenda mbali zaidi na kudai kwamba inadhuru. Ninaamini kwamba wasomaji hao wamelikosea jaribio lenyewe, na kosa hilo lina gharama, kwa sababu watu wengi wanaohitaji kufanya mazoezi wangeweza kusaidiwa na vifaa hivi endapo vingetumiwa inavyostahili. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba jaribio la Pittsburgh limetuonyesha kinachotokea pale kipimo kinapokabidhiwa mtu bila kuambatanishwa na uamuzi ambao kipimo hicho kinapaswa kuuongoza. Ili kuifikia hoja hiyo inatubidi tupitie kwa utulivu jinsi jaribio lilivyoendeshwa, kisha tuulize nini hasa kilipimwa, na kwa usahihi gani.

Jinsi jaribio lilivyoendeshwa

Washiriki 471 waliandikishwa kati ya Oktoba 2010 na Oktoba 2012, na ukusanyaji wa data ukakamilika Desemba 2014. Walipangwa katika makundi mawili kwa bahati nasibu, utaratibu ambao huondoa shaka kwamba wenye ari kubwa walijikusanya upande mmoja. Kwa miezi 6 ya kwanza makundi yote mawili yalipata huduma ileile: mpango wa chakula chenye nishati pungufu, maagizo ya kuongeza mazoezi hatua kwa hatua, na mikutano ya kikundi ya ushauri. Kuanzia mwezi wa 6 wote waliongezewa ushauri kwa njia ya simu, ujumbe mfupi wa kukumbushana, na masomo katika tovuti.

Tofauti iliingia hapo. Kundi la kawaida lilianza kujiandikia lenyewe katika tovuti kile lilichokula na mazoezi liliyofanya. Kundi la pili lilipewa kifaa cha kuvaa kwenye sehemu ya juu ya mkono pamoja na tovuti yake maalumu. Kifaa hicho kilipima mwendo, joto la ngozi, joto linalotoka mwilini na uwezo wa ngozi kupitisha umeme, kisha kikaunganisha vipimo hivyo na kukadiria nishati iliyotumika. Kwa wakati wake kilikuwa chombo cha hali ya juu, na kwa baadhi ya mambo kilikuwa kikipima vitu vingi kuliko bangili zilizokuwa zikiuzwa kwa umma.

Ni muhimu kukumbuka kwamba kifaa hakikuwapo tangu mwanzo. Kiliingia baada ya miezi 6, wakati ambapo sehemu kubwa ya upungufu wa uzito ilikuwa imekwisha kutokea, na washiriki walikuwa wakiingia katika kipindi kigumu ambacho kila mtu aliyewahi kujaribu kupunguza uzito anakifahamu: kipindi cha kuulinda uzito usirudi. Kwa maneno mengine, jaribio halikuuliza kama kifaa humsaidia mtu kuanza. Liliuliza kama kifaa humsaidia mtu kudumu, na kwa kukilinganisha na kujiandikia mwenyewe, si kwa kukilinganisha na kukaa bila kufanya lolote. Kundi la ulinganisho lilikuwa likipata huduma bora kuliko anayoipata mtu wa kawaida popote pale, na kulishinda kundi la namna hiyo si jambo jepesi kwa mbinu yoyote.

Takribani robo tatu ya washiriki, yaani asilimia 74.5, walikamilisha utafiti. Kwa mradi wa miaka 2 unaohusu chakula na mazoezi, hiyo si idadi ya kubezwa.

Kilichopimwa na kilichosomwa

Jambo la kwanza ambalo msomaji wa haraka hulipita ni kwamba makundi yote mawili yalipungua. Waliovaa kifaa walianza na wastani wa kilo 96.3 wakamaliza na 92.8, wenzao walianza na 95.2 wakamaliza na 89.3. Hakuna kundi lililonenepa. Kudai kwamba kifaa kilinenepesha watu ni kudai jambo ambalo data yenyewe inalikana.

Jambo la pili ndilo lenye uzito zaidi, na linastahili kusomwa mara mbili. Makundi yote mawili yaliimarika katika ustahimilivu wa mwili, katika kiasi cha mazoezi, katika lishe na katika uwiano wa mafuta mwilini, na katika mambo hayo hapakuwa na tofauti ya maana baina yao. Waliovaa kifaa hawakufanya mazoezi machache kuliko wenzao, wala hawakufanya mengi zaidi. Basi ikiwa swali letu ni kama kifaa kiliongeza mazoezi, jibu la jaribio hili ni kwamba hakikuongeza wala hakikupunguza kwa kiwango kinachoweza kuonekana. Tofauti ya kilo 2.4 ilijitokeza kwenye mizani bila kuacha alama inayoonekana kwenye vipimo vya mazoezi, na hilo linatutaka tuwe waangalifu kabla ya kusimulia kisa chochote kuhusu chanzo chake.

Tuifanyie hesabu tofauti hiyo. Kwa kanuni ya juu juu inayotumika sana, kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba nishati ya takribani kilokalori 7,700. Kilo 2.4 ni sawa na kilokalori 18,480. Kifaa kilitumika kwa miezi 18, yaani siku zipatazo 540, kwa hiyo tofauti ya makundi mawili inakaribia kilokalori 34 kwa siku. Kanuni hiyo ina kasoro, kwa kuwa mwili unaopungua hupunguza pia matumizi yake ya nishati, lakini hata tukirekebisha hesabu kwa kuzingatia jambo hilo bado tunabaki chini ya kilokalori 100 kwa siku. Kwa mtu mwenye uzito wa kilo 95, kilokalori 34 ni matembezi yasiyofika dakika 10, au vijiko vichache vya chakula. Tofauti ndogo hivyo, ikijirudia kila siku kwa mwaka mmoja na nusu, ndiyo iliyoyatenganisha makundi haya.

Je, kifaa cha kuvaa kinaweza kuona kiasi kidogo namna hiyo? Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipima vifaa 7 vya kuvaa kwenye kifundo cha mkono kwa watu 60 wa kujitolea. Katika kupima mapigo ya moyo, vifaa 6 kati ya 7 vilikuwa na makosa yasiyofika asilimia 5, jambo linalostahili sifa. Katika kukadiria nishati, kifaa kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa asilimia 27 kwa wastani, na cha mwisho kilikosea kwa asilimia 93. Kifaa cha Pittsburgh hakikuwa miongoni mwa hivyo, na kilivaliwa sehemu nyingine ya mkono, kwa hiyo tarakimu hizi hazikihukumu moja kwa moja. Hata hivyo zinatuonyesha ukubwa wa tatizo. Mtu anayeambiwa kwamba amechoma kilokalori 400 huku makosa ya kipimo yakiwa asilimia 27 anaweza kuwa amekosewa kwa zaidi ya kilokalori 100, na hizo ni mara tatu ya tofauti tuliyoihesabu hapo juu. Anayepanga chakula chake kwa kufuata tarakimu hiyo anapanga kwa kutumia kipimo kisichoweza kuona kile anachotaka kukiona.

Sababu ya tofauti kati ya mapigo na nishati inaeleweka. Mapigo ya moyo hupimwa kwa karibu sana na chanzo chake: mwanga wa kijani unaingia kwenye ngozi, damu inaufyonza zaidi kila inaposukumwa na moyo, na kihisio kinahesabu mabadiliko hayo. Nishati haipimwi kabisa. Inakisiwa kutokana na mwendo, mapigo, umri, uzito na jinsia, kwa kutumia milinganyo iliyotengenezwa kutokana na watu wengine. Mapigo na hatua ni vipimo. Kilokalori ni makisio yaliyovikwa sura ya kipimo, na ningependa kila programu ya simu iliseme hilo wazi kwa mtumiaji wake.

Siku ambazo hazimo

Kuna tarakimu moja katika ripoti ya Pittsburgh ambayo kwa maoni yangu inaeleza mengi kuliko kilo zote. Katika miezi ile 18 ya kuwa na kifaa, nusu ya washiriki walikivaa kwa siku zisizozidi 170 hivi. Siku 170 kati ya 540 ni chini ya theluthi moja. Chombo ambacho hakikuwa mwilini kwa theluthi mbili za muda hakikuweza kutoa onyo wala pongezi kwa wakati huo, na data yake ina mashimo makubwa.

Mashimo ya namna hiyo huenda hayatawanyiki ovyo. Mara nyingi mtu huvaa kifaa siku aliyokusudia kufanya mazoezi, na hukiacha mezani siku anayojua kwamba hatasogea. Matokeo yake ni kwamba siku zinazokosekana ndizo hasa siku ambazo mshauri angehitaji kuziona. Chukulia mtu aliyevaa kifaa siku 4 za wiki na kutembea hatua 9,000 katika kila moja, kisha akakiacha siku 3 ambazo alitembea hatua 3,000 tu. Programu inayokokotoa wastani wa siku zilizovaliwa itamwambia kwamba anatembea hatua 9,000 kwa siku. Ukweli ni hatua 45,000 kwa wiki, yaani zipatazo 6,400 kwa siku. Mtu huyo atashangaa kwa nini afya yake haibadiliki ilhali tarakimu zake ni nzuri, na pengine ataukatia tamaa mwili wake wakati kinachomdanganya ni hesabu.

Watafiti wanaotumia vihisio vya mwendo wamekuwa wakijikinga na tatizo hili kwa sharti rahisi: siku huhesabiwa tu iwapo kifaa kilivaliwa kwa angalau saa 10, na wiki huhesabiwa tu iwapo ina angalau siku 4 za namna hiyo. Sharti hilo huondoa siku zilizopimwa nusunusu, lakini halirejeshi siku zilizokosekana kabisa. Kwa sababu hiyo mchambuzi makini huanza na muda wa kuvaa kabla ya kugusa hatua au mapigo. Muda huo ukianza kushuka wiki baada ya wiki, hiyo yenyewe ni habari, na huenda ikafika mapema kuliko mabadiliko ya uzito. Ni ajabu kwamba programu nyingi zinazoonyesha michoro mizuri ya kila aina haziutilii mkazo mchoro huu mmoja.

Ni nini kilichokosekana?

Sasa tunaweza kuuliza kwa nini waliojiandikia walifanya vizuri zaidi. Jaribio lenyewe halikuundwa kulijibu swali hilo, kwa hiyo ninachokisema hapa ni maelezo yanayoelekea kuwa kweli na wala si jambo lililothibitishwa ndani yake. Mtu anayejiandikia chakula na mazoezi analazimika kusimama, kukumbuka, na kukubali kwa mkono wake mwenyewe alichokifanya. Kitendo cha kuandika ni sehemu ya tiba. Kifaa kinapoichukua kazi hiyo na kuifanya chenyewe, mzigo unapungua, lakini na ule usikivu ulioletwa na mzigo huo unaweza kupungua pamoja nao. Dhana nyingine ni kwamba mtu aliyeona tarakimu kubwa ya nishati aliyochoma hujiruhusu kula zaidi. Dhana hii inavutia na inarudiwarudiwa sana, lakini vipimo vya lishe vya Pittsburgh havikuonyesha tofauti ya maana kati ya makundi, kwa hiyo siwezi kuiwekea uzito mkubwa.

Tunapata mwanga zaidi tukilitazama jaribio hili sambamba na mengine ambamo kifaa kilikuwa kilekile huku kinachokizunguka kikibadilishwa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha jaribio dogo la watu 48 waliokuwa wakihudhuria kliniki ya kinga ya magonjwa ya moyo. Wote walivaa kihesabu hatua. Wengine walizuiwa kuona tarakimu zao, wengine waliziona, na baadaye baadhi ya walioziona wakaanza kupata ujumbe wa simu uliotungwa kulingana na mwendo wao wa siku hiyohiyo. Kuziona tarakimu peke yake hakukuleta ongezeko lililo wazi kitakwimu. Waliopata ujumbe walitembea hatua zipatazo 2,500 zaidi kwa siku kuliko waliokuwa wakiona tarakimu bila ujumbe. Jaribio hilo lilidumu wiki 5 tu na halituambii chochote kuhusu miaka 2, lakini linatenganisha vizuri mambo mawili ambayo Pittsburgh iliyaacha yamechanganyika: kuona na kuelekezwa.

Mapitio ya mwaka 2007 yaliyoongozwa na Dena Bravata, yaliyokusanya tafiti 26 na washiriki 2,767, yanasema jambo linalofanana na hilo. Watu waliotumia vihesabu hatua waliongeza zaidi ya hatua 2,000 kwa siku, ongezeko la takribani asilimia 27 juu ya walipoanzia. Jambo lililobashiri ongezeko hilo lilikuwa kuwa na lengo la hatua. Katika tafiti ambazo washiriki hawakuwekewa lengo, ongezeko la maana halikuonekana. Chombo kilikuwa kilekile cha kawaida kinachofungwa kiunoni, kisicho na intaneti wala skrini ya rangi.

Kisha kuna jaribio la mwaka 2019 lililoongozwa na Mitesh Patel wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, lililowahusisha watu wazima 602 wenye uzito uliozidi. Kila mmoja, pamoja na wale wa kundi la ulinganisho, alipewa kifaa na akachagua lengo lake kutokana na hatua alizokuwa akizipiga awali. Makundi matatu yaliongezewa mchezo wa pointi na viwango kwa wiki 24: moja likapata msaidizi kutoka miongoni mwa ndugu au marafiki, la pili likashirikiana, la tatu likashindana. Yote matatu yaliwazidi waliokuwa na kifaa na lengo peke yake, na kundi la mashindano liliongoza kwa hatua 920 za ziada kwa siku. Mchezo ulipoondolewa, ni kundi la mashindano pekee lililobaki juu kwa kiwango kinachoonekana kwa wiki 12 zilizofuata. Hapa tena tofauti yote ilitoka nje ya kifaa, kwa sababu kifaa kilikuwa mikononi mwa wote.

Ukiyaweka majaribio haya pamoja na lile la Pittsburgh, sura inakuwa wazi. Washiriki wa Pittsburgh walikuwa na lengo, na walikuwa na washauri, lakini inaelekea tarakimu za kifaa na ushauri wa binadamu vilikwenda katika njia mbili zilizo karibu bila kufungamanishwa kwa kanuni ya kila siku inayosema: tarakimu ikiwa hivi, fanya hivi. Kanuni ya namna hiyo si jambo la anasa katika uchambuzi wa data za afya. Bila hiyo, tarakimu hubaki habari ya kuvutia kwa majuma machache ya mwanzo, kisha huzoeleka, kisha kifaa huachwa mezani.

Uzito kama hakimu

Nina pingamizi moja zaidi, na hili linahusu kipimo kilichochaguliwa kuwa hakimu. Jaribio la Pittsburgh lilikuwa jaribio la kupunguza uzito, na kwa lengo hilo mizani ilikuwa chombo halali. Tatizo linaanza pale matokeo yake yanapotumiwa kuhukumu thamani ya mazoezi yanayoongozwa na kifaa. Mazoezi ni njia dhaifu ya kupunguza uzito yakilinganishwa na chakula, lakini ni njia yenye nguvu ya kulinda moyo, mishipa ya damu, misuli na sukari ya mwili. Katika mapitio ya Bravata uwiano wa uzito kwa urefu ulishuka kwa 0.38 tu, kiasi ambacho mtu hawezi kukiona kwenye kioo, ilhali tarakimu ya juu ya shinikizo la damu ilishuka kwa milimita 3.8 za zebaki. Aliyekuwa akitazama mizani pekee angesema hakuna kilichotokea.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 na I-Min Lee na wenzake ulifuatilia wanawake 16,741 wenye wastani wa umri wa miaka 72 waliovaa vihisio vya mwendo. Waliotembea takribani hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 41 kuliko waliotembea takribani 2,700, na nafuu iliendelea kuongezeka hadi karibu na hatua 7,500, kisha ikatulia. Uchambuzi wa aina hiyo hauthibitishi kwamba hatua zenyewe ndizo zilizookoa maisha, kwa kuwa wenye maradhi hutembea kidogo, ingawa watafiti walijitahidi kurekebisha hilo. Lakini unatufungua macho kuhusu malengo. Idadi ya hatua 10,000 inayowekwa kwenye vifaa vingi tangu kiwandani haikutoka maabara. Ilienezwa na kihesabu hatua kilichouzwa nchini Japani mwaka 1965, kikiwa na jina lililotaja idadi hiyo. Mtu mzee anayetembea hatua 2,700 na kuambiwa kila jioni kwamba ameshindwa kufika 10,000 ananyimwa habari iliyo muhimu kuliko zote, nayo ni kwamba hatua 1,700 zaidi zinaweza kuwa na maana kubwa kwake.

Namna ningalikipanga kisa hiki upya

Ningeanza na kifaa tangu siku ya kwanza, lakini kwa wiki mbili za mwanzo nisingeweka lengo lolote. Wiki hizo ni za kupata kiwango halisi cha mtu, na kiwango hicho ningekitafuta kwa nambari ya katikati ya siku zote zilizovaliwa vya kutosha, yaani ile inayokaa katikati tarakimu zikipangwa kutoka ndogo hadi kubwa, kwa kuwa wastani huvutwa juu na siku moja ya safari ndefu. Kisha lengo lingepanda kidogo kidogo kutoka hapo, likielekea dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linazipendekeza kwa watu wazima katika mwongozo wake wa mwaka 2020, pamoja na mazoezi ya nguvu ya misuli angalau siku 2. Kujiandikia nisingekuondoa. Mshiriki angeandika chakula chake, na kila jioni angeandika sentensi moja kuhusu mazoezi yake, huku kifaa kikibeba hesabu.

Kilokalori ningeziondoa kwenye skrini. Ningebakiza hatua, dakika za mwendo wa kasi, muda wa kuvaa, na mapigo ya moyo wakati wa mapumziko yakisomwa kama wastani wa siku 7. Mapigo hayo ya mapumziko ni kipimo cha thamani, kwa sababu hushuka taratibu kadiri moyo unavyozoea mazoezi ya ustahimilivu, na hupanda kwa homa, kukosa usingizi au pombe. Tarakimu ya siku moja haina maana kubwa. Mwelekeo wa wiki 6 una maana.

Kanuni za uamuzi zingeandikwa kabla ya data kufika. Wiki mbili mfululizo chini ya lengo zingemaanisha kwamba lengo linapunguzwa na mshauri anapiga simu. Wiki tatu mfululizo juu ya lengo zingemaanisha kwamba linapandishwa. Mapigo ya mapumziko yakipanda kwa siku kadhaa bila sababu inayojulikana, mazoezi makali yangesimamishwa kwanza. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida yangempeleka mshiriki kwa daktari moja kwa moja, bila kusubiri kifaa kiseme lolote.

Kuhusu ukali wa mazoezi ningekuwa mwangalifu zaidi. Vifaa vingi hupanga viwango vya ukali kwa kutoa umri kutoka 220 ili kupata upeo wa mapigo, na kanuni hiyo inaweza kumkosea mtu mmoja mmoja kwa mapigo 10 au zaidi. Anayetumia dawa za shinikizo la damu zinazopunguza kasi ya moyo hawezi kuitumia kabisa, kwa kuwa mapigo yake hayatapanda kama inavyotarajiwa hata akijitahidi kupita kiasi. Kwa mtu huyo kipimo cha mazungumzo ni salama na sahihi zaidi: katika mazoezi ya wastani anaweza kuongea lakini hawezi kuimba, na katika mazoezi makali hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi.

Mwishoni mwa miezi 24 mizani ingekuwapo, lakini pembeni yake kungekuwa na shinikizo la damu, ustahimilivu wa mwili, sukari ya damu na nguvu za misuli, na hakuna kimoja kati ya hivyo ambacho kingeachwa kiseme peke yake. Wale wanaoacha kuvaa kifaa wangepigiwa simu wiki hiyohiyo na kuulizwa sababu, iwe ni ngozi kuwashwa, betri kuisha, kuchoshwa na tarakimu au maisha kubadilika, kwa maana majibu hayo ni sehemu ya data ambayo vihisio haviwezi kuikusanya.